Sogea Kidogo

Kazi ya kupiga picha za kikundi haifundishwi shuleni, na labda ndiyo maana ilinipokea mimi niliyeishia kidato cha nne. Nabangaiza katika studio moja ndogo huku Temeke, chini ya mzee mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Anko. Katikati ya wiki ni picha za pasipoti na kutoa fotokopi. Jumamosi ikifika tunabeba mabegi kwenda harusini, kwenye mahafali, kipaimara, maulidi, popote walipo watu zaidi ya kumi wanaotaka kuonekana pamoja. Usiku naandika riwaya kwenye kaunta buku. Riwaya haijaisha na mshiko wa kuichapa sina, lakini washikaji wa kalamu huniuliza kila mara: wewe unataka kuwa mwandishi, kamera ya nini? Basi leo nawajibu, na atakayechoshwa na habari za lenzi anivumilie.

Picha ya mtu mmoja, ndugu msomaji, hata mtoto anapiga. Picha ya watu arobaini ni jambo jingine kabisa. Kila mmoja amekuja na njaa yake, na kiatu chake kinachobana, na ugomvi wake na huyo aliyesimama naye bega kwa bega. Huyu anamtazama mtoto, yule anatazama simu, mzee wa watu anatazama sufuria. Na wewe unawataka wote wawe mahali pamoja kwa sehemu ndogo ya sekunde, ambayo hata kupiga chafya haitoshi. Hapo ndipo kazi hii inaponivutia. Riwaya yangu ina watu kumi na saba tu, na bado nikiwashika hawa wale wananiponyoka.

Adui mkubwa ni jua. Wateja hupenda kupigwa saa saba mchana, wakati nguo bado zimenyooka. Saa saba jua la Dar es Salaam liko utosini. Macho yanageuka mashimo, pua inatupa kivuli mdomoni, na bibi harusi aliyelipia kupambwa anafanana na mtu aliyetoka kuugua. Ukiwageuza watu walitazame jua wanakunja sura. Ukiwapeleka chini ya mwarobaini, mwanga unaopenya kwenye majani unawatia mabaka, huyu shavuni, yule kwenye paji la uso. Dawa yake ni kivuli kizima: upande wa nyumba ambao jua limeuacha, au barazani. Usipokipata, wape jua mgongo, kisha warudishie mwanga usoni kwa flashi. Au subiri saa kumi na moja jioni. Lakini nani atasubiri saa kumi na moja na wali umeshaiva?

Halafu kuna hili suala la rangi zetu, na hapa naomba nikae kidogo. Kamera haina akili ya kujua kwamba hiki ni kitambaa na yule ni shangazi. Ikiona shela jeupe inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Ukiiachia iamue yenyewe, shangazi mweusi aliyesimama kando ya shela anabaki meno na kilemba. Enzi za filamu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe. Wakaziita kadi za Shirley, na jina likabaki hata wanawake wenyewe walipobadilishwa. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, picha imetoka vizuri. Mtoto mweusi akipigwa pamoja na darasa la wazungu, wenzake walipata sura, yeye akapata macho na meno. Mtafiti mmoja wa Kanada, Lorna Roth, alipoifuatilia habari hiyo aliambiwa kwamba malalamiko yaliyosaidia filamu kurekebishwa yalitoka kwa watengeneza chokoleti na watengeneza fanicha, kwa kuwa chokoleti zao na mbao zao za rangi mbalimbali zilikuwa hazitofautiki pichani. Chokoleti, jamani! Miaka ya 1990 ndipo ikatoka kadi yenye wanawake watatu wa rangi tofauti.

Anko hakuwahi kusikia habari za Shirley, lakini dawa yake anaijua. Nikipiga fremu ya kwanza ya majaribio, ananituma nikamtafute kwenye kioo cha kamera aliye mweusi kuliko wote. Uso wake ukisomeka, ndipo tunahangaika na shela.

Kupanga watu kunaanza na shikamoo. Ukiruka shikamoo, hata ukipanda juu ya meza na kupiga filimbi, wazee hawakusikii. Wazee wanakaa vitini, watoto chini kwenye mkeka, warefu nyuma. Vichwa visikae mstari mmoja kama chupa za soda kwenye kreti. Wa nyuma anachungulia katikati ya mabega mawili ya walio mbele. Mistari isogeleane, maana jicho la binadamu linaruka karibu na mbali bila taabu, lenzi haiwezi. Tunaliziba tundu la lenzi hadi namba nane, fokasi tunaiweka mstari wa mbele au wa pili, na bado baba mmoja aliyejitenga nyuma kabisa na mikono mfukoni anatoka kama moshi. Mimi hupanda stuli. Watu wakiinua nyuso shingo zinanyooka, na aliyefichwa na kilemba cha jirani anapatikana. Kisha nawaambia sentensi niliyorithi kwa Anko: kama hukioni kioo changu kwa macho yote mawili, na mimi sikuoni. Sentensi hiyo inafanya kazi kuliko kelele zote za MC.

Suala la kucheka niliseme haraka. Ukiwaambia watu wacheke, hawacheki, wanaonyesha meno. Tunawatuma waseme "ndizi", na kinachochekesha wala si neno lenyewe, ni kumwona mjumbe wa nyumba kumi mwenye kaunda suti akisema ndizi.

Sasa wapi picha ya kikundi inaharibikia? Si katikati. Katikati pana maharusi, pana askofu, pana mwalimu mkuu. Hata mlevi ukimpa kamera ataielekeza hapo hapo. Inaharibikia pembeni. Mpiga picha mvivu hataki kurudi nyuma hatua sita, anavaa lenzi pana ili wote waingie. Lenzi pana ina tabia ya kuvuta vilivyo kandokando: mama mwembamba anatoka na shavu kama boga, na mama mnene, wee acha tu. Kwa hiyo rudi nyuma, hata kama nyuma kuna mtaro, na utumie lenzi ya milimita 50 au ndefu zaidi.

Hapo bado hujamaliza. Picha nyingi za kamera zetu zina umbo la mbili kwa tatu, lakini fremu ya ukutani ambayo watu huipenda ni ya inchi 8 kwa 10, ambayo ni fupi zaidi. Kitu lazima kiondoke. Fundi wa fremu anachukua mkasi, na katikati hawezi kukata.

Na nani husimama pembeni? Aliyechelewa kwa sababu alikuwa jikoni. Dada wa kazi. Mjane. Shemeji ambaye mahari yake haijaisha. Mtu asiye na hakika kama picha hii inamhusu.

Nyumbani kwetu Mbagala tunayo picha moja iliyopigwa Morogoro mwaka 2000. Ndani yake baba yangu yuko na ndugu zake, saba jumla, mbele ya nyumba ya bibi. Suruali zimenyooka, magauni yana mikono mipana. Ukingoni upande wa kushoto kuna bega moja la kitenge na kipande cha kiwiko, basi. Bega hilo ni la mama yangu. Alikuwa na mimba yangu ya miezi minne, na alikuwa amefika pale akitegemea mambo ambayo hayakutokea, kwa kuwa baba hakumuoa. Utotoni nilidhani kuna mtu alimkata kwa mkasi, na nilikuwa na orodha ya ninaowashuku. Nilipoanza kazi kwa Anko nikamuuliza, akanijibu kama mtu anayesimulia habari za mvua ya mwaka juzi. "Hakuna aliyenikata. Mpiga picha alisema, 'Dada, sogea kidogo.' Nikasogea."

Nimelichunguza neno hilo kwa muda mrefu, kwa jicho la fundi na kwa jicho la mtu wa kalamu. Kusogea hakuna upande. Unaweza kusogea ukaja na unaweza kusogea ukaondoka, na anayeambiwa ndiye anayeamua alimaanishiwa lipi. Mwenye nyumba ataambiwa sogea akajibana ndani. Mgeni ataambiwa sogea akatoka. Inawezekana kabisa yule mpiga picha alitaka aingie. Sijui alikuwa nani, na sina kisa naye. Ila mimi kazini silitumii neno hilo peke yake. Nasema "ingia". Nasema "njoo mkaribie Babu". Hata riwayani nimelifuta mahali pawili.

Usiku mmoja, nikitafuta kwenye intaneti namna ya kupanga umati kwenye ngazi za nyumba, nikakutana na picha ya watu, wengi wao Wamarekani weusi, waliojaa ngazi za nyumba moja huko Harlem, New York. Ilipigwa tarehe 12 Agosti 1958 na Art Kane, mtu ambaye wakati huo wala hakuwa mpiga picha wa kazi, alikuwa msanifu wa kurasa. Aliwaita wanamuziki wa jazi kwa ajili ya jarida la Esquire, akataka wafike saa nne asubuhi. Wanamuziki wa usiku, saa nne asubuhi! Ilivyosimuliwa, mmoja wao alishangaa kugundua kwamba kuna saa nne mbili kwa siku. Walikuja, na wakaonekana 57 katika picha iliyochapwa Januari 1959. Kila nikiitazama naona kazi ya Kane ilikuwa hiyo hiyo ya Anko: watu hawajaonana siku nyingi, wanakumbatiana, wanacheka, hawasikii. Count Basie alichoka kusimama akakaa ukingoni mwa barabara, na watoto wa mtaa wakajipanga kando yake. Dizzy Gillespie anamchekesha Roy Eldridge, na Eldridge amegeuza kichwa kabisa. Kwa kanuni za studio yetu hilo ni kosa. Mimi nikiondolewa Eldridge hapo, picha yote siitaki.

Lakini aliyenikamata hayumo. Mpiga kinanda Willie "The Lion" Smith alikuwepo asubuhi ile, akachoka kusubiri, akaenda kuketi kwenye ngazi za jirani. Fremu iliyochaguliwa ikapigwa wakati yuko huko. Watu 57 dunia inawahesabu mpaka leo kwa majina, na yeye alikuwa hatua chache tu upande.

Kuhusu kufumba macho, mahesabu yapo. Watafiti wawili wa huko Australia, Nic Svenson na Piers Barnes, walipewa tuzo ya Ig Nobel ya hisabati mwaka 2006 kwa kukokotoa upige fremu ngapi ili upate angalau moja ambayo hakuna aliyefumba. Tuzo hiyo hutolewa kwa tafiti za kuchekesha kwanza na kufikirisha baadaye, lakini kanuni yao naiheshimu. Kama watu hawazidi ishirini, gawanya idadi yao kwa tatu. Mwanga ukiwa hafifu, gawanya kwa mbili. Watu kumi na wawili kivulini, piga sita. Ukikaribia watu hamsini, wanasema, matumaini yako yameisha, na waama nimeyaona kwa macho yangu yameisha.

Mwaka jana kaka yangu wa upande wa baba alioa, na kazi ya picha tukapewa sisi. Baba alishafariki, kwa hiyo mwenye sauti pale alikuwa Shangazi Mkubwa, mmoja wa wale saba wa Morogoro. Sherehe ilikuwa nyumbani Tabata, turubai uani, viti vya plastiki, spika mbili zinazokoroma. Mama yangu alialikwa. Alifika tangu asubuhi na, kama ilivyo kawaida yake, akaenda moja kwa moja kwa wapishi, akakata vitunguu.

Ilipofika saa ya picha Shangazi alikamata kipaza sauti. "Ukoo tu! Asiye wa ukoo akae kando kwanza!" Watu thelathini na mmoja wakajipanga. Mama alikuwa kando ya simtanki na sinia mkononi, anatazama kama watu wanavyotazama mpira wa timu zisizowahusu. Mimi niko juu ya stuli, nimevaa fulana ya studio, wala hakuna aliyeuliza kama na mimi ni wa ukoo. Nikaipiga ile ya Shangazi kwa uaminifu, fremu kumi na tano, maana yeye ndiye aliyelipa arubuni.

Sasa mpiga picha, jamani, ana madaraka ambayo katiba haiyataji. Kwa dakika kama tatu hivi, waziri akiambiwa inamisha kichwa anainamisha. Nikajua dakika zangu hazijaisha. Nikapaza sauti bila kipaza sauti: "Msitawanyike! Sasa ya wote waliokula pilau ya leo!"

Nani atakataa kwamba amekula pilau? Wapishi wakaja wakifuta mikono, majirani wakaja, watoto ambao hakuna aliyewaalika wakaja mbio wakakaa mkekani, na kijana aliyeleta turubai akasimama mbali mbali huko mwisho. Shangazi alinikazia macho, kisha akatengeneza mtandio wake, kwa kuwa kamera ilikuwa inamtazama. Mama hakuja. Alinyanyua lile sinia kidogo, kama mtu anayeonyesha cheti cha daktari.

Bibi, mama mzazi wa baba, alikuwa kwenye kiti cha katikati. Ni mzee sana, na siku nyingi hudhani sisi ni watu wengine. Akageuza shingo polepole. "Liweke chini hilo sinia, mkwe. Halina pa kwenda."

Mkwe. Neno hilo halikuwahi kutamkwa katika ua ule, si na Bibi wala na yeyote. Sijui kama Bibi alimjua ni nani au alimchanganya na mtu, na sikumuuliza. Mama aliliweka sinia juu ya ndoo, akaja, na miguu yake ikampeleka ukingoni, upande wa kushoto, kama inayojua njia.

"Mama, ingia," nikasema. "Ingia katikati hapo, nyuma ya Bibi."

Katika kazi yetu kila mwanamke mzima ni mama, hata usiyemjua, kwa hiyo waliosikia hawakuweza kujua kama nimeita kikazi au nimeita mama yangu. Akaingia. Shangazi akabana goti lake apite. Nilirudi nyuma na stuli yangu mpaka ukutani, nikaacha nafasi ya mikono miwili kila upande kwa ajili ya fundi wa fremu, nikapiga ishirini na tano.

Walikuwa watu arobaini na sita, na wale watafiti wa Australia hawakudanganya. Usiku studioni nilizipitia zote kwenye kompyuta, uso baada ya uso. Fremu ya tisa ilikuwa safi ajabu, kaka yangu anang'aa, bibi harusi anang'aa, hata watoto wametulia. Mama amefumba macho. Fremu ya kumi na moja mama ametazama moja kwa moja kwenye lenzi, mdomo umefunguka kidogo kama aliyetaka kusema kitu, na Bibi ameshika vidole vyake kwa juu ya bega. Bwana harusi amelala kabisa. Anko angechukua ya tisa bila kufikiri, kwa sababu nzuri tu kwamba mwenye harusi ni bwana harusi. Lakini siku hizi kompyuta inaruhusu. Nilikitoa kichwa cha kaka yangu kwenye fremu ya tisa nikakipandikiza kwenye ya kumi na moja, nikalainisha kola, nikapatanisha mwanga. Kazi ya saa moja na nusu. Wapo wenzangu wanaosema huko ni kudanganya, kwamba sekunde ile haikuwahi kuwepo. Kwa mtu anayeshinda na kaunta buku akiwatungia watu sekunde ambazo hazikuwahi kuwepo, hoja hiyo hainisumbui. Kaka ameipenda picha hiyo, ameiweka kwenye simu yake, na hajui kwamba shingo yake ina mshono.

Nilichapa inchi 12 kwa 18 na nikamsimamia fundi wa fremu Kariakoo mpaka akatengeneza fremu ya kipimo hicho hicho. Alinung'unika kwamba nampotezea mbao. Moja ipo Tabata. Nyingine nilimpelekea mama.

Aliiegemeza kwenye kochi, akavaa miwani, akaanza kuhesabu watu kwa kidole kutoka kushoto, mstari wa nyuma kwanza. Alipojifikia alitua kidogo, akajihesabu, akaendelea. Alimtambua mpishi mkuu, akamtambua jirani wa geti jeusi. Mwisho kabisa kidole kikasimama.

"Na huyu wa peke yake huku ni mtoto wa nani?"

"Huyo ndiye aliyeleta turubai."

"Yeye umempa ya kwake?"

Sikuwa nimempa. Nimeshaichapa, ndogo, na haikukatwa popote. Ipo kwenye begi la kamera, na nikipita Tandika kwenye maturubai namuulizia.